Neno "Mwili" katika Biblia na Taswira ya Umbo la Mwanamke

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union (1952), neno mwili limebebeshwa dhana mbili za Kiyunani anazozitofautisha Paulo: sōma, yaani mwili wa mtu, na sarx, ambayo aghalabu ni hali ya binadamu inayompinga Mungu. Hivyo mwili ni hekalu katika 1 Wakorintho 6:19, na chimbuko la dhambi katika Wagalatia 5:19. Utata huu humwelemea hasa mwanamke, ambaye umbo lake hulaumiwa kuwa kishawishi. Aweza kudhani kwamba imani yamtaka alichukie. Hata hivyo, orodha ya Wagalatia yataja pia uadui, wivu na hasira, mambo yasiyo na unene wala wembamba. Kinachokemewa hapo, basi, ni mwelekeo wa moyo, si umbo.