Kabla ya Kuwasha Mota: Mandreni Ikae Begani



Katika karakana moja ya Muyinga, ambayo hatutaitaja jina, mwenzetu mmoja alifika kazini asubuhi kama kawaida. Jana yake mota ya kerezo ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, na jioni ikaunganishwa tena. Mwenzetu alifunga bakuli lake kwenye mandreni, akasimama mbele ya mashine, akawasha. Mota ilizunguka kinyume. Kabla hajafikia swichi, mandreni ilikuwa imejifungua kutoka kwenye hesi yake na kuruka pamoja na bakuli. Ilimgonga mkono wa kulia. Mkono haukukatika, lakini vidole viwili havikunji tena, na mkerezaji asiyeweza kukunja vidole hashiki bobari.

Siku ya pili watu walisema, "Ni bahati mbaya." Sisi tunasema si bahati. Ajali ile ilikuwa na sababu, na kila sababu ingeweza kuondolewa kwa dakika mbili za uangalifu. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili tangu mwanzo, kwa faida ya wakerezaji na ya wenzetu wote wanaofanya kazi na mashine zinazozunguka.

MANDRENI NI NINI, NA INASHIKWA NA NINI

Mandreni, kama tunavyoiita hapa Burundi kwa kufuata Kifaransa, ni kile kishikio cha chuma chenye taya nne kinachokamata mbao kwenye kerezo. Nyuma yake ina tundu lenye hesi. Tundu hilo hufungwa kwenye spindo, yaani mhimili wa chuma unaozungushwa na mota.

Karibu na Gitega, huko Gishora, ngoma zetu, ambazo uchezaji wake wa kiibada uliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika, huchongwa kwa mkono kutoka kwenye gogo. Gogo limetulia, mkono ndio unaotembea. Kwenye kerezo ni kinyume: mkono umetulia na mbao ndiyo inayokimbia. Bakuli la kipenyo cha sentimita 25 likizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kitu kinachozuia bakuli hilo lisiruke ni hesi ya spindo na bega lake tu.

Wengi wanaijua hesi, lakini bega wanalisahau. Bega ni ule ukingo bapa wa spindo ulio nyuma ya hesi. Hesi kazi yake ni kuvuta mandreni. Kazi ya bega ni kuinyosha na kuizuia isicheze. Mandreni iliyoshikwa na hesi bila kukaa begani hutikisika, na kila mtikisiko hula meno ya hesi kidogo kidogo.

Tulipotembelea karakana moja ya Gitega tulimkuta mzee mmoja akimfundisha kijana. Kijana alizungusha mandreni ikagoma, akasema, "Mzee, imekaza." Mzee akamwuliza, "Imekaza wapi, mwanangu? Kwenye hesi au begani?" Kijana hakuwa na jibu. Walipoifungua tena wakakuta maranda yamejaa ndani ya hesi. Tunawaomba wasomaji walichukue swali la mzee huyo, kwani ndilo swali la kazi yote hii.

KWA NINI ILIJIFUNGUA

Mwenye baiskeli anajua kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, ili kuendesha kusiifungue. Kerezo nalo lina hekima kama hiyo. Linapozunguka sawasawa, upande wa juu wa mbao ukija kwa mkerezaji, bobari inapokata huizuia mbao kidogo huku spindo ikiendelea kwenda. Hivyo mandreni hujikaza yenyewe kadiri kazi inavyoendelea.

Mota ikigeuka kinyume, hekima hiyo inageuka kuwa adui. Sasa kila mzunguko unaifungua mandreni. Na mota za umeme wa nyaya tatu zina tabia ambayo kila mfanyakazi lazima aijue: nyaya mbili zikibadilishana mahali, mota huzunguka kinyume. Inaweza kutokea baada ya matengenezo, baada ya kuhamisha mashine, au umeme wa mji unapokatika na karakana ikaunganishwa na jenereta. Hilo ndilo lililotokea Muyinga.

Hatari ya namna hiyo hiyo ipo wakati wa kusimamisha. Ukiisimamisha spindo ghafla, mbao nzito hutaka kuendelea na safari yake, na mandreni hujifungua. Iache mashine isimame polepole. Usiizuie kwa kiganja wala kwa kipande cha mbao.

HATUA ZA KUFUNGA MANDRENI

1. Zima swichi na uchomoe waya wa umeme. Umeme wetu hukatika na kurudi bila kubisha hodi. Swichi iliyoachwa wazi itawasha mota mikono yako ikiwa bado kwenye spindo.

2. Hakikisha hesi ni za kipimo kimoja. Spindo nyingi za Ulaya ni za milimita 33, na nafasi ya jino hadi jino ni milimita 3.5. Mashine nyingine zina spindo ya inchi moja na robo, karibu milimita 32, yenye meno 8 kwa inchi. Kwa macho zinafanana. Mandreni ya 33 ikiwekwa kwenye spindo ya inchi itaingia mizunguko michache kisha ikwame, na mtu atadhani imekaza. Usilazimishe kamwe.

3. Safisha. Tumia brashi kwenye hesi ya spindo, hesi ya ndani ya mandreni, bega, na uso wa nyuma wa mandreni. Unga wa mbao uliochanganyika na mafuta hugandamana kama udongo. Tone moja jepesi la mafuta latosha.

4. Zungusha kwa mkono mpaka mandreni iguse bega. Hesi nzuri huenda laini mpaka mwisho. Ikikwaruza, rudi nyuma utafute sababu.

5. Jaribu kwa karatasi. Ingiza ukingo wa karatasi nyembamba kati ya mandreni na bega. Ikipita mahali popote, mandreni haijakaa. Anza upya.

6. Kaza. Shikilia spindo kwa kufuli yake au kwa spana, kisha ivute mandreni kwa mkono mara moja kwa nguvu. Usiigonge kwa nyundo, kwani nyundo huharibu bega, na bega lililoharibika haliwezi tena kunyosha kitu. Kama mandreni ina skrubu ndogo ya kufungia ubavuni, ikaze mwisho. Hiyo ndiyo itakayosaidia mota ikigeuka kinyume.

7. Funga mbao ipasavyo. Ulimi wa mbao usifike chini ya mandreni. Mabega ya mbao ndiyo yaegemee juu ya taya. Ikiwezekana, sogeza kichwa cha nyuma kiitegemeze mbao mpaka iwe duara.

8. Toa ufunguo wa mandreni. Ufunguo ulioachwa ndani huwa risasi. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima uone kama mbao inagonga kiegemeo.

9. Anza polepole, ukisimama kando. Zidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika. Kwa mbao mbichi au isiyo duara jibu lisizidi 15,000. Mbao ya sentimita 30 basi ianze kwa mizunguko 500. Kumbuka, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kurusha huongezeka mara nne.

Na baada ya kila matengenezo ya umeme, vua mandreni kabisa, washa mota spindo ikiwa tupu, uangalie inakozunguka. Spindo tupu haina mandreni ya kurusha.

Karakana zetu nyingi zinatumia mashine zilizoungwa na mafundi wa kuchomelea, na badala ya mandreni hutumika bamba lililochomelewa nati. Hatuidharau kazi hiyo. Imelisha watoto wetu. Lakini nati iliyochomelewa ikiwa imepinda hata kidogo, bamba halitakaa begani kamwe. Bamba la namna hiyo lirudishwe lichongwe upya kwenye kerezo la chuma. Kulifunga kitambaa ili likaze ni kujidanganya.

SUALA LA DAKIKA MBILI

Mwajiri atasema: "Wafanyakazi ni wazembe, hawafuati hatua." Tumeuliza wenzetu wa Gitega na Muyinga, na jibu lao ni lile lile: wanalipwa kwa kipande. Anayekereza miguu ya vitanda hulipwa kwa idadi ya miguu. Dakika ya kusafisha hesi haina mguu, basi haina malipo. Tuseme fundi anabadilisha mandreni mara nne kwa siku, dakika mbili kila mara. Ni dakika 8 kwa siku, dakika 48 kwa juma la siku sita. Kwa mwajiri ni kitu kidogo. Kwa fundi anayehesabu vipande, ni chakula cha watoto. Hivyo anaruka hatua, na siku moja mandreni inaruka naye.

Kwa hiyo tunasema dakika za usalama ni dakika za kazi, na zilipwe kama kazi. Hili si ombi la huruma. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba Na. 119 wa mwaka 1963 unahusu kinga za mashine. Burundi ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1963, na Juni 2022 usalama na afya kazini viliingizwa katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Hapa nyumbani Kanuni ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 inayo sehemu yake ya usalama, na INSS inashughulikia ajali za kazini kwa walioandikishwa. Mwenzetu wa Muyinga hakuwa ameandikishwa. Basi ndugu, ulizeni leo kama majina yenu yamo, kabla ya mkono kuumia.

Wenzetu wa kahawa, chai na viwanda watasema hawana kerezo. Lakini mashine ya kumenya kahawa ina kapi, kinu cha unga kina mkanda, jiwe la kunolea lina nati. Mota za huko nazo zinaweza kugeuzwa na nyaya mbili tu, na umeme hurudi ghafla huko kama hapa.

Tunapendekeza kila karakana ifanye mambo matatu mwezi huu: hatua hizi zibandikwe ukutani kwa lugha inayosomwa na wote, mwajiri aweke swichi isiyowasha mota umeme unaporudi mpaka mtu aibonyeze, na dakika za kufunga mandreni ziingizwe katika hesabu ya ujira. Jambo la kwanza tunaliweza wenyewe. Mawili ya mwisho tutayapata tukiyadai pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mota, jiulize kama yule mzee wa Gitega: imekaza wapi?