Kufyeka Si Kusafisha: Namna ya Kuurudisha Uwanja wa Nyumba Ulioingiwa na Mwitu

Nyumba nyingi za mashambani hubaki na wazee peke yao, au hufungwa kabisa, wakati wenyewe wako kazini Nairobi, Mombasa au Nakuru. Mvua za masika za mwezi wa Machi hadi Mei zikipita, na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba nazo zikapita, uwanja uliokuwa ukifagiwa kila asubuhi hugeuka kichaka. Mwenye nyumba arudipo likizoni huwaita vijana wawili wenye mapanga. Majani hufyekwa kwa siku moja, moto huwashwa, na jioni uwanja huonekana mweupe. Lakini mvua inyeshapo tena, majani huinuka upya, na mara nyingi huwa mazito kuliko yale ya kwanza.

Sababu yake si uvivu wa vijana wala ubaya wa udongo. Sababu ni kwamba kufyeka si kusafisha. Panga hukata kile kionekanacho juu, lakini mizizi na mbegu hubaki chini, na ardhi iliyoachwa tupu huwa ni mahali pema pa kuotea magugu mapya.

HATARI ILIYOMO KICHAKANI

Majani marefu karibu na nyumba huwapa panya maficho, na penye panya nyoka hufika kuwinda. Nyoka aitwaye kifutu, au moma, ni mzito na hulala kimya. Hakimbii asikiapo mtu akija, na kwa hiyo hukanyagwa kwa urahisi na mtoto aendaye chooni usiku.

Kuhusu mbu, watu wengi hudhani kwamba huzaliwa majanini. Sivyo. Majani huwapa mbu kivuli cha kupumzikia tu. Mahali wazaliwapo ni majini. Mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama mashimoni, mitaroni na hata katika nyayo za ng'ombe. Mbu mwingine, mwenye mistari myeupe miguuni na aumaye mchana, hupenda makopo, matairi ya zamani, vifuu vya nazi na mitungi isiyofunikwa. Huyo ndiye aenezaye homa ya dengue, iliyowapata watu wengi Mombasa mwaka 2013, na chikungunya, iliyozuka katika mji huo huo mwishoni mwa mwaka 2017. Ubaya wa kichaka, basi, ni kwamba huvificha vyombo hivyo visionekane na mtu, huku maji ya mvua yakiviona.

Jambo hili limo hata katika sheria. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1921, huyahesabu maji yanayozaa mbu kuwa ni madhara yapasayo kuondolewa. Uwanja mmoja ulioachwa huweza kuleta ugonjwa katika nyumba za majirani waliokwisha kusafisha viwanja vyao.

KABLA YA KUSHIKA PANGA

Kazi ya kwanza ni kutazama. Yampasa mtu auzunguke uwanja wote polepole, akiwa amevaa viatu vya mpira virefu na suruali ndefu, na akipiga ardhi mbele yake kwa fimbo ndefu ili wanyama wapate kuondoka. Asitie mkono ndani ya shimo, wala chini ya jiwe au rundo la kuni, mahali asipopaona. Atie alama penye visima, mashimo ya choo cha zamani, seng'enge na chupa zilizovunjika. Watoto na wakae mbali.

Ikiwa mtu ataumwa na nyoka, asikatwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Mguu au mkono ulioumwa utulizwe usitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe kuja, na mgonjwa apelekwe upesi hospitali.

KUKATA, KISHA KUNG'OA

Ukataji uanzie mlangoni kwenda nje, ili mfanyakazi awe na mahali peupe nyuma yake pa kurudia. Majani laini hukatwa kwa fyekeo, na vichaka vigumu kwa panga au msumeno. Makopo, mifuko ya plastiki na vigae vikusanywe siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo ianzapo kazi yenyewe, yaani kung'oa, na kila gugu lina njia yake. Sangari hutambaa chini ya udongo kwa mizizi mirefu myeupe, na kila kipande kikatwacho huota mmea mpya. Kwa hiyo haifai kuilima kwa jembe la kawaida, ambalo huikatakata na kuizidisha. Yafaa jembe la meno, liinuao udongo ili mizizi ivutwe mizima. Ndago ina vijiazi vidogo chini kabisa, na huhitaji kuchimbwa tena na tena kila ichipuapo, mpaka ichoke. Kishona-nguo hung'oka kwa urahisi, lakini ni lazima kung'olewe kabla ya kutoa zile mbegu zake zinazoshika nguo. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika ya joto kwa ajili ya uzuri wa maua na kwa ua, huchipua tena kwenye kisiki, na ndege hutawanya mbegu zake. Basi kisiki chake chapasa kuchimbuliwa. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na hayafai kutupwa mahali wanapolishwa.

Wakati mwema wa kung'oa ni siku moja au mbili baada ya mvua nyepesi, kwa kuwa udongo ukilowa kiasi huachia mzizi bila kuukata.

MOTO HAUFAI

Watu wengi hupenda kuchoma takataka zote. Lakini moto huruka na kushika nyumba za makuti au shamba la jirani. Moshi wa plastiki una sumu. Na majani yanayochomwa yangekuwa mbolea. Mizizi ya sangari na ndago ianikwe juani juu ya mawe au mabati mpaka ikauke kabisa. Majani mengine yasiyo na mbegu yapangwe katika chungu cha mbolea chenye upana na kimo cha kama mita moja na nusu: tabaka la majani makavu, la majani mabichi, la samadi, na udongo kidogo, kila tabaka likinyunyiziwa maji. Fimbo ndefu ichomekwe katikati. Ikichomolewa baada ya siku chache na kuonekana ya moto, mbolea inaiva. Chungu hicho kigeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu, na kwa muda wa miezi mitatu hivi huwa tayari kutumiwa bustanini.

ARDHI ISIACHWE UCHI

Hapa ndipo wengi wakosapo. Uwanja ukiisha kung'olewa, wafaa kupewa mwenyeji mpya kabla magugu hayajajichagulia nafasi. Karibu na kuta yaachwe mapito mapana ya kufagiwa, ili nyoka aonekane upesi. Mbali kidogo, nyasi fupi zitambaazo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Katika nchi za baridi kama Limuru, nyasi za Kikuyu hustawi vizuri, mradi zikatwe mara kwa mara. Mahali pengine pafaa kupandwa viazi vitamu, ambavyo majani yake hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga, huku jamaa wakipata chakula. Mashimo yafukiwe, na mitaro ielekezwe mteremkoni.

SAA MOJA KILA JUMA

Uwanja uliorudishwa hivyo hauhitaji tena vijana wenye mapanga. Wahitaji mtu mmoja na saa moja kila juma. Muda huo wa juma moja una maana yake: katika joto, yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu arukaye. Avimwagaye vyombo kila juma huwaua kabla hawajapata mabawa. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi. Yapasa kusugua pande za chombo kwa ndani, maana mayai ya yule mbu wa mchana hushikamana hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji.

Katika saa hiyo hiyo, magugu machanga yang'olewe kwa mkono. Gugu la juma moja huvutwa kwa vidole viwili. La mwaka mmoja hutaka jembe na jasho. Kwa hiyo mwenye nyumba aliye kazini mjini angefanya vema kupatana na jirani au jamaa wa kuutunza uwanja wake, na kumlipa kidogo kila mwezi, kuliko kulipa fedha nyingi kila mwaka kwa kazi isiyokwisha. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.