Meli, Reli na Kitui Iliyoachwa Nje ya Vitabu

Ukifungua vitabu vya safari vya Wazungu wa miaka ya 1900 hadi 1914, utakutana na Makueni, huku Ukambani nchini Kenya, mara kwa mara: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Simba. Kitui jirani utaitafuta sana. Sisi wana wa Ukambani tunaosaka habari za kwetu kwenye maktaba za ughaibuni tunafaa kujua sababu, nayo inaanzia baharini.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya kutoka Ulaya ilifupika. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua Zanzibar kila mwezi. Mwaka 1890 zikafuata za Wajerumani. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita Makueni, si Kitui, ikafika Nairobi mwaka 1899. Basi tajiri aliyekimbia baridi ya kwao alikata tiketi, akashuka Mombasa, akavushwa nyika akiwa ameketi.

Winston Churchill alipita mwaka 1907 akiwa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ya treni. Pale Simba alishuka akawinda faru. Theodore Roosevelt alifika Mombasa Aprili 1909 kwa meli Admiral, naye akakaa mbele ya injini vilevile. Churchill aliandikia jarida la Strand, Roosevelt jarida la Scribner's, na wasomaji wao walitaka wanyama. Wanyama walionekana bila kuacha reli. Mkamba, ambaye babu zake waliwinda nyika hiyohiyo, hutokea humo kando tu, mara nyingi bila jina.

Msome mmisionari Krapf uone tofauti. Mwaka 1849 alikwenda Kitui kwa miguu, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya akiwa huko. Krapf alikuwa na dharau zake, lakini njia, chakula na usalama wake vilikuwa mikononi mwa wenyeji, kwa hiyo ilimbidi awasikilize. Ndiyo maana leo tunamjua Kivoi kwa jina, biashara yake, hata kifo chake mwaka 1851 walipokuwa safarini pamoja kuelekea mto Tana.

Hata leo treni ya reli mpya ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, inasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, zote Makueni. Watalii wanapiga picha za tembo dirishani na kuzituma kwao kabla ya kufika Nairobi. Mji wa Kitui bado hauna reli.