Fanani Aliyelihama Jukwaa: Albamu za Kundi la XTC, 1978-2000

Wataalamu wengi wa fasihi simulizi hukubaliana kwamba wimbo haukamiliki mpaka utendwe. Fanani husimama mbele ya hadhira, hadhira huitikia, na maana huzaliwa baina yao. Msimamo huu umefundishwa kwa miaka mingi hata ukawa kama ada isiyohojiwa. Hata hivyo, tangu santuri zilipoanza kuuzwa, kumekuwapo nyimbo ambazo hazikupata kutendwa mbele ya mtu yeyote isipokuwa mhandisi wa sauti, na nyimbo hizo zimeishi. Makala hii inachunguza kisa kimoja cha aina hiyo, yaani albamu za kundi la XTC la Uingereza, lililoacha ziara na matamasha mwaka wa 1982 lakini likaendelea kurekodi hadi mwaka wa 2000. Je, wimbo hupungukiwa na nini fanani anapoihama hadhira yake? Na je, yamkini kuna jambo ambao wimbo huo hulipata?

Istilahi "wimbi jipya" hurejelea muziki wa pop uliochipuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mlipuko wa punk. Punk ilitaka nyimbo ziwe fupi, zenye hasira na zisizohitaji ustadi mkubwa wa ala. Wasanii wa wimbi jipya waliirithi kasi hiyo, kisha wakarejesha mambo ambayo punk iliyakataa: lahani, kejeli, vinanda vya umeme na ucheshi. Baadhi yao, kama vile Blondie, Talking Heads na The Police, walipata umaarufu wa dunia nzima. XTC hawakuupata. Nchini kwao, wimbo wao uliopanda juu zaidi katika orodha ya mauzo, "Senses Working Overtime", ulifika nambari 10 mwaka wa 1982, na albamu iliyofaulu zaidi, English Settlement, ikafika nambari 5 mwaka uo huo. Baada ya hapo walishuka, na la kustaajabisha ni kwamba walishuka wakati kazi yao ilipokuwa ikizidi kukomaa.

Kundi hili lilizaliwa Swindon, mji ulioko magharibi mwa London na ambao ulikua kwa sababu ya karakana za reli. Ni mji wa wafanyakazi, na Waingereza wa kwingineko hupenda kuufanyia mzaha. Andy Partridge, mpiga gitaa na mtunzi mkuu, na Colin Moulding, mpiga besi na mtunzi wa pili, waliulea ushirikiano wao humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na mpiga ngoma Terry Chambers. Baadaye alijiunga nao Barry Andrews, mpiga kinanda. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Partridge na Moulding walicheza kwao maisha yao yote ya sanaa, wakiimba kuhusu majirani, viwanda, mashamba na reli za mji wao, ila tuzo ilichelewa mno.

Albamu mbili za kwanza, White Music na Go 2, zilitoka mwaka mmoja, 1978. Zote mbili ni za vijana wenye haraka. Sauti ya Partridge hukatika na kubweka, kinanda cha Andrews hupiga kelele za makusudi, na nyimbo huisha kabla msikilizaji hajatulia. Jalada la Go 2 lastahili kutajwa kwa sababu linaonyesha kejeli ambayo baadaye ingekuwa alama ya kundi hili: halina picha, bali maandishi matupu yanayomweleza mnunuzi kwamba hilo ni jalada na kwamba kazi yake ni kumnasa anunue. Kwa nyimbo zenyewe, msikilizaji wa leo hatapoteza mengi akizipita upesi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka wa 1979. Andrews aliondoka, akaingia Dave Gregory, mpiga gitaa mwenye sikio la mpangaji wa muziki. Albamu ya Drums and Wires, iliyotayarishwa na Steve Lillywhite, inalitangaza badiliko hilo katika jina lake lenyewe, maana yake ngoma na nyaya. Kinanda kimeondoka na magitaa mawili yanapokezana kama watu wawili wanaojibizana, huku ngoma za Chambers zikirekodiwa kwa mwangwi mzito. Humo ndimo uliomo "Making Plans for Nigel", wimbo wa Moulding uliofika nambari 17. Wimbo huo huzungumza kwa sauti ya wazazi wanaompangia kijana wao maisha yote, hadi kazi katika shirika la chuma. Nigel mwenyewe hasemi hata neno moja. Mbinu hii ya kumnyima mhusika mkuu sauti, ili ukimya wake uwe ndio malalamiko, haipatikani kwa urahisi katika muziki wa pop. Inafaa pia kusisitizwa kwamba mtunzi ni Moulding. Wahakiki hupenda kumtazama Partridge peke yake, ilhali aliyelifungulia kundi hili mlango wa redio ni yule mnyamavu wa besi.

Black Sea ya mwaka wa 1980 iliuendeleza mtindo huo kwa nguvu zaidi. "Respectable Street" unawakejeli majirani wanaojitia ustahivu, "Generals and Majors" unawakejeli makamanda wanaoitamani vita, na "Towers of London" unawakumbuka vibarua waliojenga London ya enzi ya Malkia Victoria. Hizi ni nyimbo za jukwaani. Zilitungwa na watu waliokuwa barabarani mfululizo, na mdundo wake unadai kupigiwa makofi.

Lakini wakati huo Partridge alikuwa akiumia. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitumia dawa za kutuliza neva tangu alipokuwa mvulana, na alipoziacha ghafla hofu ya jukwaani ilimvamia. Tarehe 18 Machi 1982, mjini Paris, aliondoka jukwaani tamasha likiwa limeanza tu. Mwezi uliofuata ziara ya Marekani ikakatizwa mjini Los Angeles. XTC hawakufanya ziara tena. Kwa kampuni ya kurekodi hilo lilikuwa janga, kwani katika biashara ya wakati huo ziara ndiyo iliyouza albamu. Kwa Chambers pia lilikuwa pigo: mpiga ngoma asiye na jukwaa hana mengi ya kufanya, naye akaondoka, baadaye akahamia Australia.

Ni rahisi kudai kwamba tukio la Paris ndilo lililowageuza XTC kuwa watunzi wa studio. Ushahidi wa albamu unapinga urahisi huo. English Settlement, iliyotoka Februari 1982, yaani kabla ya Paris, tayari imejaa magitaa yasiyo ya umeme, gitaa la nyuzi 12 na besi isiyo na vigawanyo shingoni. Ni ala na mipangilio isiyopenda kelele za ukumbi. Mtunzi, kwa maneno mengine, alikuwa ameshaanza kulihama jukwaa ndani ya nyimbo zenyewe. Jalada lake lina mchoro wa farasi mweupe wa Uffington, aliyechorwa kwa chokaa kilimani tangu enzi za kale, si mbali na Swindon. Miongoni mwa nyimbo zake, "No Thugs in Our House" unastahili kusomwa kama hadithi fupi. Wazazi hawaamini kwamba kijana wao aliyelala ghorofani ni mhuni mwenye chuki ya rangi, polisi amefika mlangoni, na mwishowe kijana anasalimika kwa kuwa babake ni hakimu. Kejeli imo katika muundo: familia nzima inaonekana, isipokuwa yule aliyepigwa.

Albamu ya kwanza baada ya kuacha ziara, Mummer (1983), ilipewa jina la waigizaji wa jadi wa Uingereza, wale wanaovaa vinyago na kuzunguka vijijini wakiigiza. Kundi lililokimbia jukwaa lilijibatiza jina la watu wa jukwaani. Albamu yenyewe haina ulinganifu, lakini "Love on a Farmboy's Wages", unaomhusu kijana wa shamba anayepanga ndoa kwa ujira mdogo, ni miongoni mwa nyimbo safi kabisa alizotunga Partridge. The Big Express (1984) inarudi kwenye karakana za reli. Hapa mashine ya ngoma imetumiwa kupita kiasi, na masikio ya leo huichoka, ingawa taswira ya treni inayoishiwa makaa, katika wimbo wa mwisho, ilipata uzito wa aina nyingine karakana za Swindon zilipofungwa mwaka wa 1986.

Katikati ya miaka hiyo kuna mzaha ambao ni muhimu kuliko unavyoonekana. Tarehe 1 Aprili 1985, siku ya wajinga, ilitoka 25 O'Clock, kazi ya kundi lililojiita The Dukes of Stratosphear. Walikuwa ni XTC wenyewe, kila mmoja kwa jina la bandia, wakiiga muziki wa 1967 kwa uaminifu mkubwa. Nchini Uingereza santuri hiyo iliuzwa kuliko The Big Express. Ina maana gani msanii anapouza zaidi akiwa amejificha? Jibu moja ni kwamba kinyago kilimwondolea Partridge mzigo wa kuwa fanani anayetazamwa. Jibu la pili, ambalo halipingani na la kwanza, ni kwamba hadhira haikuwa imeuchoka muziki wa watu hawa. Ilikuwa imelichoka tu jina lao.

Kilele cha safari hii, kwa mizani yoyote ya haki, ni Skylarking ya mwaka wa 1986. Kampuni ilimtaka mtayarishaji Mmarekani, na aliyechaguliwa ni Todd Rundgren. Yeye na Partridge hawakupatana hata kidogo. Rundgren alizisikiliza nyimbo za majaribio kisha akazipanga kabla kundi halijafika studioni, ili albamu nzima iwe mzunguko mmoja ambao waweza kuhesabiwa kuwa siku, mwaka, au maisha ya binadamu. Inaanza kwa wadudu wa kiangazi wanaolia katika joto, na wimbo wa kwanza unamiminika ndani ya wa pili bila pengo. Baadaye huja mapenzi ya vijana, arusi, mume anayehangaikia mshahara, kisha mauti, na mwisho kabisa moto wa kafara usiku, unaoufunga mwaka na kuufungua mwingine. "The Meeting Place" wa Moulding umejengwa juu ya sauti za kiwandani, na wapenzi wake wanakutana karibu na lango la kiwanda.

Umbo la mzunguko haliwezi kutendwa ukumbini bila kuvunjwa. Mpito wa wadudu kuwa gitaa, kunong'ona kwa nyuzi za fidla, na sauti inayosikika sikio moja kabla ya jingine ni mambo yanayomhitaji msikilizaji mmoja aliyetulia, akiwa na karatasi ya maneno mkononi. Huyu ni hadhira wa aina nyingine, aliye karibu zaidi na msomaji wa riwaya kuliko na mchezaji wa ngoma. Anachokipoteza kiko wazi: haitikii, habadilishi chochote, na fanani hajui kama yupo. Anachokipata ni ukaribu ambao ukumbi hauwezi kuutoa.

Albamu hiyo ilifika nambari 90 tu Uingereza. Marekani ilifanya vizuri zaidi kwa sababu ambayo haikupangwa na yeyote. "Dear God", barua ya mtu anayemwambia Mungu kwamba hamwamini, iliachwa nje ya albamu na kuwekwa upande wa pili wa santuri ndogo. Watangazaji wa redio za Marekani wakaugeuza upande huo na kuucheza, ubishi ukazuka, na wimbo ukaingizwa katika matoleo ya baadaye ya huko. Kuna kisa kingine kinachowahusu wahandisi: toleo la mwaka wa 2010 lilirekebisha kosa la mwelekeo wa mawimbi ya sauti lililokuwamo katika rekodi ya awali, na besi ya Moulding ikasikika kwa unene wake. Kwa miaka 24 wapenzi wa albamu hiyo walikuwa wakiisifu wakiwa wameisikia nusu.

Oranges & Lemons (1989) imejazwa ala hadi pomoni, na Nonsuch (1992) ina utulivu zaidi. Virgin walipoiondoa sokoni santuri ndogo ya "Wrapped in Grey", kundi lilichoshwa na mkataba wake likagoma. Ulimwengu haukusikia albamu mpya ya XTC hadi mwaka wa 1999, ilipotoka Apple Venus Volume 1. Gregory alikuwa ameondoka ilipokuwa ikitayarishwa. Humo mna okestra, na wimbo wa kwanza, "River of Orchids", umeundwa kwa vipande vifupi vya nyuzi na tarumbeta vinavyojirudia na kupishana, takriri juu ya takriri, huku mwimbaji akitamani barabara zigeuke maua. Wasp Star ilifuata mwaka wa 2000, magitaa yakarudi, na safari ikaishia hapo.

Mwaka wa 2018 Moulding na Chambers, wakijiita TC&I, walitoa matamasha katika ukumbi mdogo wa Swindon Arts Centre. Partridge hakuwamo. Miongoni mwa walizopiga zilikuwamo nyimbo ambazo XTC hawakuwahi kuzifikisha katika ziara yoyote, na waliohudhuria, wengine wakiwa wamesafiri kutoka nchi za mbali, walizijua neno kwa neno.