Kijiguu Kimoja cha Shaba
Kompyuta ya mezani wanayosomea wanetu ilipozimika kabisa, tulinunua madabodi, yaani ubao wake mkuu, tukaufunga wenyewe. Tukakaza skrubu, tukaunga waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, tukabonyeza swichi. Kimya; hata feni haikutikisika. Tulidhani fedha zetu zimekwenda na maji.

Kumbe kasha lilikuwa la ubao mkubwa zaidi. Miongoni mwa vijiguu vya shaba vinavyouinua ubao usiguse bati, kimoja hakikuwa na tundu juu yake. Kikagusa lehemu za mgongoni, umeme ukapiga shoti. Basi, dada zetu, kabla ya kuulaza ubao, linganisheni vijiguu na matundu yake, kilichozidi kiondolewe. Tulipokifungua chetu, feni ikazunguka, alhamdulillahi. Ikabaki kurekebisha saa na tarehe.