Bweni la nje: jumlisha yote kabla ya kulipa amana

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo ndipo simu za mawakala wa shule za nje zinapozidi, na picha za mabweni yenye nyasi za kijani zinazunguka kwenye makundi ya wazazi. Mzazi ana miezi michache ya kuamua na akiba isiyoruhusu kukosea. Picha hizo ziweke kando, omba karatasi ya ada, kaa na kalamu.

Naanza na Uingereza, maana huko ndiko pesa huyeyuka haraka. Shule binafsi ya bweni kwa wastani inatoza zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka. Tangu Januari 1, 2025, serikali yao inatoza VAT ya asilimia 20 juu ya ada hizo, malazi yakiwemo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule ni hili: kiasi mlichoandika kina VAT ndani au bado? Kama bado, pauni 40,000 ni 48,000. Hizo 8,000 za ziada hazikununulii hata daftari.

Kuna watu watakuambia juu ya shule za bweni za serikali kulekule, ambako masomo ni bure na mzazi analipia malazi tu. Shule hizo zipo, lakini mtoto anayekwenda kwa viza ya masomo hapokelewi. Wakala akikutajia njia hiyo, achana naye.

Sasa viza. Ada ya maombi yenyewe inazidi pauni 500. Juu yake kuna tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka, na haisubiri mwaka uishe: unalipa ya miaka yote siku unapoomba. Kozi ya miaka miwili peke yake ni pauni 1,552, na kwa kuwa viza huongezewa miezi kadhaa baada ya masomo, jiandae kulipa zaidi kidogo. Mtoto anayetoka Tanzania lazima pia apimwe kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa, kwa gharama yako. Halafu benki: ada na malazi ya mwaka mzima, kama hujalipa tayari, lazima vionekane kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua. Ukikopa kwa jamaa wiki ya mwisho, maombi yanakataliwa na ada ya maombi hairudi.

Bado mlezi. Shule nyingi zinataka mtoto aliye chini ya miaka 18 awe na mlezi anayeishi Uingereza. Mabweni mengi hufungwa katikati ya kila muhula, Oktoba, Februari na mwishoni mwa Mei, na mtoto hana pa kulala. Kama huna ndugu wa kuaminika huko, unalipa kampuni ya ulezi ada ya mwaka, kisha unalipa tena kwa kila usiku mtoto anaolala kwa familia iliyompokea, na tena kwa gari la kumfuata uwanja wa ndege. Mwenye shangazi au mjomba Reading au Leicester amepunguza mzigo mkubwa. Wewe usiye naye, weka gharama hiyo kwenye hesabu tangu leo.

Uganda ni hesabu nyingine kabisa, na kwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa ndiyo inayoshikika. Kutoka Bukoba unapita Mutukula kwa basi, na hutafuti viza. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, mwanafunzi wa nchi mwanachama hupewa kibali cha masomo bila kutozwa. Anayedai "hela ya kibali" mwombe risiti ya serikali. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Iombe mapema, na mtoto anayevuka mpaka peke yake mwandikie barua ya ridhaa ya wazazi.

Uchungu wa Uganda uko kwenye mihula mitatu. Mwaka huanza Februari, likizo ni za wiki chache, na kila likizo ni kwenda na kurudi. Hizo ni safari sita kwa mwaka. Anayetoka Bukoba atazimudu. Anayetoka Dar au Mtwara azidishe nauli kwa sita kabla ya kufurahia ada ndogo.

Karatasi ya mahitaji nayo isome mstari kwa mstari: rimu za karatasi, mafagio, karatasi za chooni, ndoo, dumu, godoro. Vitu vidogo hivyo hurudi kila muhula. Godoro nunua hukohuko. Tranka la bati linadumu miaka yote ya shule, wakati begi la magurudumu zipu yake huachia mapema. Ila kwa anayepanda ndege tranka ni hasara, linakula kilo.

Ukimpeleka mtoto Uganda akiwa kidato cha kwanza, fikiria atakavyorudi. Mtaala wao wa sekondari ya chini ulibadilishwa mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa mtaala huo ulifanyika 2024. Akirudi nyumbani, cheti chake lazima kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Tanzania, na hiyo ni ada na muda. Mimi ningemweka hapa hadi kidato cha nne.

Kenya kwa sasa ningesubiri, isipokuwa shule ya mtaala wa Uingereza ambayo unaimudu. Darasa la kwanza la mtaala mpya, Gredi 10, liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mtaala wa zamani, unaelekea ukingoni. Mtoto mgeni asiwe wa kujaribiwa.

Njia ninayoipenda kuliko zote inaanza bila pesa nyingi: shule za UWC (United World Colleges). Ziko 18 duniani, ikiwemo Waterford Kamhlaba ya Eswatini na UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha. Kwa miaka miwili ya diploma ya International Baccalaureate (IB), kamati ya taifa huchagua wanafunzi, na familia huchangia kulingana na uwezo wake. Maombi hayapiti kwa wakala yeyote. Anza karibu mwaka mmoja kabla, mtoto akiwa bado kidato cha nne. Ukisubiri matokeo umechelewa. Ukipewa udhamini, uliza kwa maandishi nani analipa nauli, viza, bima na hela ya mfukoni, kwa sababu "udhamini wa sehemu" unaweza kukuachia mzigo usiouweza.

Kwa mwenye akiba ndogo, basi, jaribu UWC kwanza. Ukikosa, Uganda kwa miaka miwili ya mwisho kama unakaa karibu na mpaka. Ukikosa na hiyo, kidato cha tano cha hapa hapa. Uingereza ni kwa mwenye ada ya miaka yote mkononi. Kumrudisha mtoto katikati kwa kukosa ada ni ghali kuliko kutompeleka, kwa sababu shule nyingi za huko hudai taarifa ya muhula mzima kabla ya mtoto kuondoka, na usipoitoa unalipia muhula ambao mtoto hakusoma.

Na amana, ambayo kwa mgeni mara nyingi ni sawa na ada ya muhula mzima: kama barua ya kujiunga haisemi itarudishwa lini na kwa masharti gani, usiilipe.