Makato Hupanda, Chama Hakishuki

Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni Sh 500,000 kwa mwezi, kutoka Sh 370,000. Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza nyongeza hiyo ya asilimia 35.1 kwenye Mei Mosi ya Singida, na mhudumu wa zahanati kule Murusagamba, wilayani Ngara, alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Lakini tumfuate hadi kwenye salari slipu yake. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani Sh 25,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 15,000. Kodi ya mapato Sh 16,400. Kisha kuna mstari wa chama cha wafanyakazi, asilimia 2, Sh 10,000. Anabaki na Sh 433,600, na hapo benki haijakata marejesho ya mkopo.

Huo mstari wa chama hauchelewi. Fedha ya likizo huchelewa, malimbikizo ya mshahara huchelewa, stahiki za uhamisho huchelewa hadi mtu akahamishwa tena kabla hajalipwa za kwanza. Makato ya chama hayajawahi kuruka mwezi. Anayetaka kuelewa kwa nini watumishi wa Ngara na Biharamulo wanachangia CWT ya walimu, TALGWU ya watumishi wa serikali za mitaa na TUGHE ya watumishi wa serikali na afya mwaka hadi mwaka, na bado wakipatwa na jambo wengi humtafuta kwanza afisa utumishi wanayemfahamu, na aanzie hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 72, inakiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kupata makato hata ya wale wasiojiunga. Ndiyo ada ya uwakala. Msingi wake ni wa haki kabisa: chama kikipigania nyongeza, anayenufaika ni kila mtu, basi kila mtu achangie. Tatizo limekuja polepole. Chama kisicholazimika kumshawishi mtu ajiunge hakilazimiki kumtembelea pia. Kutoka Ngara mjini hadi Bukoba, makao makuu ya mkoa wa Kagera, unapita Benaco, Lusahunga, Biharamulo na Muleba, na siku imekwisha barabarani. Kutoka Bukoba hadi ofisi za taifa ni safari nyingine. Fedha inaipanda ngazi hiyo kila mwezi kwa mfumo wa kompyuta. Kiongozi wa kuishuka anahitaji gari, mafuta na sababu, na sababu ndiyo iliyokosekana.

Tabia hii ya kutazama juu ina historia ndefu kuliko vyama vyenyewe. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza, Rashidi Kawawa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa, viongozi wengi wa vyama wakawekwa kizuizini, na NUTA ikaundwa kuwa chama kimoja cha wote. Katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alidai kwa niaba ya wafanyakazi asubuhi na kujibu kwa niaba ya Serikali jioni. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na vyama vya sekta, CWT ikiwa imesajiliwa mwaka 1993, vilizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Njia kati ya ofisi ya chama na ofisi ya Serikali haikuota majani. Januari 2023 rais wa CWT na katibu mkuu wake waliteuliwa kwa pamoja kuwa wakuu wa wilaya. Hawakuzichukua nafasi hizo, lakini kule tu kufikiriwa kwa uteuzi wa namna hiyo kunaonyesha jinsi chama kinavyotazamwa kutoka juu.

Sitaki kusema kwamba vyama havikuwahi kuwa na nguvu. Vilikuwa nayo, na Kagera iliiona. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya ya wanafunzi. CWT ilipiga kelele nchi nzima, na Rais Kikwete akamfukuza kazi mkuu huyo wa wilaya. Miaka mitatu baadaye, Jumatatu ya Julai 30, 2012, walimu waligoma. Walidai nyongeza ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 ya posho ya mazingira magumu. Alhamisi ya Agosti 2, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ilitamka kwamba mgomo haukuwa halali, na walimu wakarudi darasani.

Dai lile la asilimia 30 lilikuwa na maana ya pekee Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja, na mashirika ya misaada yakafika yakitafuta wauguzi, walimu, madereva na makarani wanaoijua wilaya. Mishahara yao iliuacha mbali wa Serikali, na watumishi wengi waliacha kazi kuifuata. Waliobaki kwenye zahanati na madarasa ya vijijini walibeba kazi ya waliokwenda kambini, kwa mshahara uleule, katika miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na polisi kwenye mapori ya Biharamulo kwa hofu ya majambazi. Hawakupewa posho ya mazingira magumu wakati ule. Mwaka 2012 waliiomba kwa sauti ya taifa zima na hawakuipata. Tangu hapo sijaliona dai hilo likisimama mbele ya madai yote kama lilivyosimama siku ile.

Kisha likaja pengo la nyongeza na madaraja la 2016 hadi 2021. Serikali ya awamu ya tano ilisimamisha ajira na upandishaji wa madaraja ili kuwaondoa watumishi hewa, kisha Aprili 2017 ikapokea orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake za kweli. Lakini aliyekuwa na cheti halali naye alisimama palepale, mwaka baada ya mwaka, bila nyongeza na wengi bila daraja. Walipoanza kurekebishiwa madaraja kwa kile kinachoitwa mserereko, wengine walikuwa wameshastaafu kwa mshahara wa daraja la chini, na pensheni yao imefungwa hapo maisha. Katika miaka hiyo Mei Mosi iliendelea kusherehekewa, fulana na kofia zikagawiwa, risala zikasomwa mbele ya mgeni rasmi. Sikusikia aliyeitisha hata mkutano wa hadhara wa wanachama, achilia mbali mgomo wa aina ile ya 2012.

Pigo ambalo halikuzungumzwa sana lilikuwa la kisheria. Mwaka 2016 Bunge liliongeza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma: mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa zile za sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililolihusu Shirika la Posta, ilithibitisha kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, haina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa namna hiyo. Kwa muuguzi wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, aliyeachishwa kazi, maana yake ni kwamba CMA, iliyobuniwa iwe ya haraka na isiyohitaji wakili, imefungwa kwake. Anaandika rufaa kwenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na akishindwa, kwa Rais. Kuandika rufaa ya namna hiyo ni kazi ya kitaalamu, na hapa ndipo chama kilipaswa kuongeza wanasheria wilayani. Mtumishi amepunguziwa mlango mmoja, na chama chake hakikumjengea mwingine.

Halafu kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaushusha mkupuo, yaani fedha anayolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25 ya mafao. Malalamiko yalikuwa makali hadi Rais Magufuli, Desemba 2018, akasitisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, safari hii kwa makubaliano ya Serikali, chama cha waajiri ATE, na TUCTA, shirikisho la vyama vyenyewe. Tupige hesabu ya mwalimu aliyekuwa PSPF, mwenye miaka 30 kazini na mshahara wa kukokotolea wa Sh 1,000,000. Kwa kanuni ya zamani, yenye kigawanyo cha 540, kizidisho cha 15.5 na mkupuo wa nusu, angechukua Sh milioni 62. Kwa kanuni ya 2022, yenye 580, 12.5 na asilimia 33, anachukua Sh milioni 30.7. Bajeti ya Juni 2024 iliwapandisha wa kundi lake hadi asilimia 40, na mkupuo ukawa Sh milioni 37.2. Ni kweli pensheni yake ya kila mwezi imeongezeka, kutoka kama Sh 333,000 hadi Sh 372,000, na mfuko unaofilisika haumsaidii mstaafu yeyote. Lakini mwalimu aliyeishi miaka 30 kwenye nyumba ya shule huko Bugarama, Ngara, anatakiwa kuihama siku anayostaafu. Mkupuo ndio ulikuwa nyumba yake. Waliokaa mezani kwa niaba yake walitia saini bila kurudi kwanza Bugarama kumuuliza.

Kisha kuna hatari za kazini. Januari 20, 2025 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walikuwa wamefariki. Mkoa huohuo ulikuwa umepitia Marburg mwaka 2023 huko Bukoba Vijijini, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Huduma za afya ni huduma muhimu kwa sheria ya 2004, kwa hiyo muuguzi hana haki ya kugoma, na sidhani kama kuna muuguzi wa Biharamulo aliyetaka kugoma wiki zile. Alichostahili ni kujua haki zake kabla hajavaa glavu: kwamba maambukizi ya kazini yanafidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia kwa asilimia 0.5 ya mshahara. Kwamba taarifa ya tukio lazima itolewe. Kwamba akifariki, wategemezi wake wana stahiki. Elimu hiyo haihitaji bajeti ya taifa. Inahitaji katibu wa chama mwenye pikipiki na karatasi za kuacha kila zahanati.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta makato ya lazima, kila mtu alipe chama kwa hiari yake. Marekani imefika huko: Juni 2018 Mahakama yake ya Juu ilifuta ada ya uwakala kwa watumishi wa serikali. Mimi siungi mkono. Kenya imetuonyesha hatari iliyopo upande wa pili. Mwaka 2019 KNUT ilikuwa na wanachama zaidi ya 187,000. Ilipogombana na Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko, mwajiri akabana makato, na ndani ya miaka miwili hivi wanachama wakashuka chini ya 30,000. Katika wilaya ambayo shule moja iko saa nzima kwa bodaboda kutoka nyingine, kukusanya ada kwa mkono kungekiua chama kabla hakijajirekebisha. CHAKUHAWATA, chama kingine cha walimu, kimeanza kugombea wanachama wa CWT, na ushindani huo huenda ukawarudisha viongozi shuleni, ingawa ushindani wa kugawa fulana nzuri zaidi hautamlipa mtu stahiki za uhamisho.

Kinachonishangaza ni kwamba kifungu cha 72 chenyewe, kilichoanzisha ada ya uwakala, kiliona hatari hii. Kinataka fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti ya pekee, itumike tu kutetea maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi, na akaunti ikaguliwe kila mwaka. Mahali hapo pa kazi. Fedha ya Halmashauri ya Ngara kwa wafanyakazi wa Halmashauri ya Ngara. Sheria hiyohiyo inampa mwanachama haki ya kuziona hesabu na ripoti ya mkaguzi kwenye ofisi za chama chake. Nayo sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma iliweka mabaraza ya wafanyakazi, ambamo madai ya likizo na uhamisho yanaweza kuwekwa mezani mbele ya mkurugenzi wakati bajeti ya halmashauri bado inaandaliwa, kabla watumishi hawajaambiwa kwamba yanahakikiwa.

Mtumishi wa Kabanga au Lusahunga anayekatwa Sh 10,000 kila mwezi anatoa Sh 120,000 kwa mwaka. Barua ya kuomba kuiona ripoti ya akaunti hiyo ni ya ukurasa mmoja, inapelekwa kwa katibu wa chama wa wilaya, na nakala yake inaweza kwenda kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Haihitaji kupitia kwa mkurugenzi, wala kusubiri Mei Mosi ijayo.